Mume wangu anaogopa kipimo cha kamera, nami naogopa kuchelewa

Daktari, pole na kazi na asante kwa kutuelimisha. Naandika kwa ajili ya mume wangu, Baba Neema, mwenye miaka 52, dereva wa lori kati ya Dar es Salaam na Tunduma. Mwenyewe habari za hospitali hataki kuzisikia.

Vidonda vya tumbo anavyo tangu zamani, au ndivyo alivyoambiwa. Tumbo likimchoma pale chini ya kifua, anaingia maabara ya mtaani, anatolewa damu, majibu yanasema ana bakteria wa H. pylori. Anapewa antibayotiki za amoksilini na klarithromaisini, pamoja na omeprazo ya kupunguza asidi tumboni, za wiki mbili, anamaliza dozi, anapata nafuu. Miezi ikipita maumivu yanarudi, kipimo kilekile, dozi ileile. Mdogo wangu ni muuguzi. Anasema kipimo hicho cha damu kinaonyesha kingamwili, yaani kinga ambazo mwili hutengeneza dhidi ya bakteria, nazo zinaweza kubaki mwilini muda mrefu hata bakteria akishakufa. Cha kuaminika baada ya matibabu ni kipimo cha choo au cha pumzi, zikishapita wiki 4 tangu amalize antibayotiki, na omeprazo awe ameiacha kwa wiki 2. Nilipomweleza mume wangu alinijibu, "Kwa hiyo pesa yote ile nimetupa?" Mazungumzo yakaishia hapo.

Ingekuwa hilo tu, nisingekusumbua. Baba Neema ana mgongo, na kwa kukaa kwenye usukani siku nzima anaishi kwa diklofenaki, vidonge vya maumivu vya duka la dawa, mara nyingi anazimeza hajala kitu. Mdogo wangu anasema dawa hizo peke yake zinatosha kuleta vidonda, bakteria awepo asiwepo.

Sasa amekonda. Suruali zinamvuka, juzi nilimkuta anatoboa tundu jingine kwenye mkanda kwa msumari wa moto. Ugali anakula matonge mawili matatu anasema ameshiba, na hapo ni mtu niliyezoea kumwongezea. Kilichonitia hofu zaidi ni siku maji yalipokatika, nikaona choo chake chooni: cheusi kama lami, kinanata, na harufu yake si ya kawaida. Anadai ni vidonge vya kuongeza damu. Kweli anavimeza, lakini alivianza baada ya kuanza kuona kizunguzungu, na choo kile ananiambia mwenyewe kilitangulia.

Mdogo wangu kamwambia aende akapigwe kipimo cha kamera tumboni. Amekataa katakata. Dereva mwenzake alimezeshwa ule mpira wenye kamera, akakutwa na saratani ya tumbo, na mwaka haukuisha tukamzika. Mume wangu anaamini mpira ndio ulioamsha ugonjwa. Mimi naona marehemu alifika hospitali ugonjwa umeshakomaa, lakini nikisema hivyo naonekana simhurumii rafiki yake. Wifi yangu naye yuko upande wa kaka yake, kila asubuhi analeta juisi ya kabichi na mizizi ya kuchemsha. Najua anafanya kwa upendo, na sitaki tugombane.

Naomba unisaidie, daktari. Je, kwa dalili hizi kipimo cha choo au cha pumzi kinaweza kutosha, au kamera haikwepeki? Ule mpira unauma kiasi gani, na je, hupewa dawa ya kufisha ganzi kooni? Nimwambie nini mtu aliyemzika rafiki yake, ili asikie bila kuona namtishia kifo? Na zaidi ya yote, wiki ijayo amepangiwa mzigo wa Tunduma, njiani peke yake na utingo. Choo kikiwa bado cheusi, nimzuie asiondoke hata kama atakasirika, nimpeleke hospitali siku hiyohiyo?

Mama Neema,
Morogoro