Wauza betri wa Mwanza, mwambieni mteja anachonunua

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wauza betri wa jiji hili, maana wateja wao mwishowe huishia kwangu. Mimi ni fundi umeme wa magari hapa Nyakato. Kipindi hiki nyumbu wako ukanda wa magharibi wa Serengeti, na madereva wanaopitia lango la Ndabaka wananijia na ombi lile lile: niwafungie betri ya pili kwa ajili ya friji, taa za kambini na simu za wageni. Wengi wanakuja wameshainunua. N120 mpya kabisa, na dukani wameambiwa kwamba kwa ukubwa ule friji itanguruma mpaka asubuhi na gari litawaka.

Betri ile imetengenezwa kuwashia lori. Ndani ina pleti nyembamba nyingi za kutoa umeme mwingi kwa sekunde chache, stata izunguke, kisha dainamo irudishe kilichotoka. Ukiikamua taratibu usiku kucha, na kesho tena, pleti zinachakaa na betri inakufa kabla msimu haujaisha. Friji inataka betri ya pleti nene, kama zile wanazofungiwa watu wa sola. Muuzaji anazo zote mbili kwenye shelfu moja, na tofauti anaijua.

Badala yake anamwonyesha mteja namba ya CCA kwenye lebo. Namba hiyo hupima nguvu ya kuwasha injini kwenye baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri. Sisi hapa zikifika nyuzi 18 juu ya sifuri tunatafuta masweta! Kwa betri ya mbele, inayozungusha dizeli kubwa, namba hiyo ina maana yake. Kwa betri ya friji, ulizia ampea-saa, yaani kiasi cha umeme inachoweza kuhifadhi.

Hesabu yenyewe si ngumu. Friji ndogo ya gari yenye kompresa huvuta kama ampea 4 inapozunguka, na kwa joto letu tuseme inazunguka nusu ya muda. Kwa saa 24 hizo ni ampea-saa 48. Betri ya risasi ya ampea-saa 100 usiitumie kupita nusu ukitaka ikae. Kwa hiyo gari likisimama kambini, una siku moja tu, na hapo taa na simu sijazigusa. Mteja akiielewa hesabu hii dukani, ataamua mwenyewe kama anahitaji paneli ya sola juu ya keria au friji ndogo zaidi.

Mafundi wenzangu nao nisiwaache. Kuna mtindo wa kuunganisha betri mbili kwa waya moja kwa moja, chanya kwa chanya, kazi imekwisha. Friji haijui betri ipi ni ya nani, inazimaliza zote. Sasa uko ndani ya hifadhi, hairuhusiwi kushuka kusukuma, na simba wako barabarani. Weka rilei inayosoma volti: dainamo ikichaji, kwenye volti 13.3 hivi inaunganisha, zikishuka kwenye 12.8 inatenganisha, na betri ya mbele inabaki salama. Kwa magari ya karibuni ambayo kompyuta inapunguza volti za dainamo, rilei hiyo haitoshi. Yanahitaji chaja maalumu inayochukua umeme wa mbele na kuupandisha kabla haujafika kwa betri ya nyuma.

Waya nao unaiba. Nimefungua Land Cruiser ya mteja nikakuta betri ya nyuma inachajiwa kwa waya wa milimita 4 za mraba, unaofaa soketi za nyumbani. Kwenda na kurudi ni kama mita 12. Pitisha humo ampea 20, njiani unapoteza volti moja nzima, halafu mtu analalamika betri mpya haijai. Mimi natumia wa milimita 25. Ni ghali, najua, shaba haijawahi kuwa rahisi. Na fyuzi zinakaa mbili, moja karibu na kila betri, kwa sababu waya huo ukichubuka kwenye bodi una moto kutoka pande zote.

Jambo moja kwa wenye Land Cruiser za dizeli za miaka ya 1990 kutoka Japani: baadhi zina betri mbili tangu kiwandani, lakini zote ni za kuwashia. Ukigeuza funguo, rilei inaziunga kwa mfululizo, stata inapata volti 24, ilhali gari zima ni la volti 12. Usiguse kitu hapo kabla hujapima.

Za lithiamu zimeanza kuulizwa. Ni nyepesi, chini ya nusu ya uzito wa zile za risasi, na unaweza kuitumia karibu yote bila kuiua. Ila usiiweke chini ya boneti karibu na injini, joto litaimaliza, na ichajiwe kwa chaja yake. Ukiiunga ovyo inavuta umeme mpaka dainamo inaungua.

Ombi langu kwa wenye maduka ni dogo. Andikeni kwenye kila betri, kwa Kiswahili, kama ni ya kuwashia au ya kutumia taratibu, ampea-saa zake, na mwezi ilipotengenezwa. Mteja naye, kabla hajatoa pesa, aombe ipimwe mbele yake. Betri ya risasi iliyojaa na kutulia inasoma volti 12.6 au zaidi. Ikisoma chini ya 12.4, imelala shelfuni muda mrefu bila kuchajiwa. Airudishe, achague nyingine.

Fundi umeme wa magari,
Nyakato, Mwanza