Mpiga picha wa treni ya mizigo si mhalifu

Mhariri,

Miaka zaidi ya 20 nanunua gazeti lako na sijawahi kukuandikia, lakini ile habari yenu ya Jumanne, ya vijana waliofukuzwa relini Mazeras, karibu na Mombasa, na kamera zao, siwezi kuinyamazia. Mwandishi wenu amewaita watu wasio na kazi wanaopiga picha vyuma chakavu. Na picha mliyoiweka ni ya kichwa cha treni ya SGR, ile reli mpya! Ile ni reli ya upana wa milimita 1,435. Reli waliyosimama wale vijana ni ya mita moja, na vichwa vyake havifanani na hicho hata kidogo.

Hivyo vyuma chakavu ni vichwa vya treni vya aina ya 93, vilivyotoka General Electric ya Marekani miaka ya 1970 ikielekea mwisho. Kabla yake tulikuwa na aina ya 87 za English Electric ya Uingereza, zilizoanza kuja 1960, ambazo wazee wa reli bado wanaziita 90 kwa kuwa ndilo jina zilizokuja nalo. Zilikuwa na ekseli nane, sita za kuvuta na mbili za kubeba uzito tu, ili njia isilemewe. Kutoka baharini hadi Nairobi ni kupanda zaidi ya mita 1,600, na ngano, mbolea, mafuta na makontena vilipandishwa na mashine hizi. Simama Mazeras, pale njia inapojizungusha ikapita juu yake yenyewe, uone 93 ikipanda na mzigo. Utaisikia kabla hujaiona. Ardhi inatetemeka nyayoni, kisha unaona mchanga ukimiminwa mbele ya magurudumu yasiteleze. Kukaa juani kwa saa nne kungoja hilo ni kazi, tena kazi ya uvumilivu.

Mwaka 1994 nilikuwa stesheni ya Voi na kamera ya kuazima. Nilikuwa nimeomba ruhusa, nikapewa. Zikaingia 87 mbili zimefungwa pamoja, nyuma yake matangi ya mafuta, na aliyechungulia dirishani alikuwa ami yangu, dereva. Alinipungia mkono, nikapiga. Treni ilipoondoka tu, askari mmoja akaninyang'anya kamera, akafungua mgongo wake, akaivuta filamu yote kwa vidole, picha 36, akaiacha ining'inie juani saa sita mchana. Nilimwambia nina ruhusa. Akanijibu reli ni mali ya serikali. Ami alifariki 1999. Nyumbani tunayo picha yake ya harusi na ya kitambulisho. Akiwa kazini, alikokaa zaidi ya nusu ya umri wake, hatuna hata moja. Sasa mwandishi wenu ananiambia picha ile ilipigwa na mtu asiye na kazi?

Na kama ni usalama mnaoutetea, njooni huku kwetu barabara inapokata reli mkatazame matatu zinavyosimama juu ya reli kushusha abiria, akina mama na magunia ya makaa, watoto wa shule, utingo anagonga bati tu. Hapo hakuna askari. Askari yuko kichakani anamkimbiza kijana mwenye kamera.

Ninachopendekeza hakigharimu. Upakwe mstari wa chokaa hatua kumi kutoka relini, Mazeras na Voi. Kila Jumamosi, saa mbili asubuhi hadi saa sita, mwenye kamera akate tiketi ya shilingi 100 kwa stesheni masta, asimame nyuma ya mstari apige picha zake. Na 93 moja, siku itakapostaafu, isikatwekatwe. Ipelekwe makumbusho ya reli Nairobi ikawekwe karibu na Mount Gelai, lile dude la mvuke namba 5918, ikiwa na rangi yake na namba yake.

Nimeambatisha picha ya 93 halisi, niliyoipiga mwenyewe. Ichapisheni mahali pale pale mlipoweka ile ya SGR.

Msomaji wenu,
Mariakani