Baba mdogo anadhani amekosea vipimo

Anti, shikamoo.

Ni saa tisa usiku, mvua inapiga bati tangu jioni, na kila ikizidi nawaza viazi vya baba mdogo kule Isyonje. Usinihukumu haraka. Kanuni za mtandaoni za 2018 zilipokuja, wenzangu walifunga blogu zao, mimi nikauza pikipiki nikalipia leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ili blogu yangu iendelee. Miaka yote hii naandika bure habari za mbegu, rumbesa (magunia ya kujazwa kupita kiasi), bei za soko la Mwanjelwa. Nani alinishika mkono?

Mwezi wa kwanza wakaja watu wa busta, ile ya kupulizia majani. Laki tatu mkononi, laki tatu nyingine makala ikikaa miezi miwili. Sharti niandike kama mkulima aliyeitumia, nisiseme nimelipwa. Mengi niliandika mwenyewe na ni ya kweli. Sentensi moja tu waliiongeza wao: "Tangu nianze kuitumia, sijagusa tena dawa ya ukungu." Busta ni chakula cha mmea, haiui ukungu, hilo nalijua tangu mafunzo ya kilimo ya Uyole. Na ile chupa sijawahi hata kuifungua. Iko juu ya kabati, naiona hapa nilipo.

Baba mdogo macho yamepungua, binti yake ndiye humsomea. Jumapili alikuja na jani kalifunga kwenye gazeti. Akalifungua mezani: kingo nyeusi kama limeunguzwa, chini yake utando mweupe, na ile harufu ya shamba lililokwisha. Hakunigombeza. Akasema tu, "Nilipulizia kama ulivyoandika, mwanangu. Labda nimekosea vipimo."

Labda nimekosea vipimo! Anti, bora angenitukana.

Mke wangu anasema kwa baridi na mvua hii ukungu ungekuja tu. Ni kweli, hata waliopulizia dawa wamepoteza. Na mimi sikumwambia mtu aache dawa, niliandika ya kwangu. Yaani, kana kwamba ni ya kwangu. Baba mdogo huyu ndiye aliyenilipia ada baba alipofariki. Ekari mbili, na mbegu alikopa.

Kesho kutwa wananimalizia ile laki tatu. Nimewaza niipokee nimpelekee anunue mbegu, nisimwambie imetoka wapi. Nimewaza pia niifute makala, lakini wakinyima hela nitampa nini? Nikiandika kwamba nililipwa, wasomaji watauliza na zile nyingine, na zile ni za kweli, naapa. Labda si zote. Ya mashine ya kupukuchulia mahindi nayo nililipwa, ingawa mashine yenyewe ni nzuri.

Kwamba nimwombe radhi, hilo najua, usinijibu hilo. Ila vipimo. Nimwache aendelee kuamini alikosea vipimo? Maana anataka nimwambie apulizie nini kile kipande kilichobaki, na jana jioni binti yake kapiga simu mara mbili. Sikupokea.

Msomaji wako,
Mbeya