Msumeno wako nimeupata

Columbus, Ohio
Jumapili jioni

Sahibu yangu,

Salaam nyingi kutoka huku kwenye baridi. Natumai wewe, shemeji na watoto hamjambo, na kazi Tanga inakwenda. Sisi wazima, alhamdulillahi.

Lile uliloniambia, kwamba msumeno mpya ukishakufa makali tupa inateleza tu juu ya meno, limenikaa moyoni. Si kwamba hujui kunoa. Mingi ya misumeno ya siku hizi meno yake yamepitishwa kwenye moto yakawa magumu kama tupa yenyewe. Tazama ncha zake, utaona weusi unaoelekea bluu. Ukiisha makali, ni wa kutupa. Ndiyo maana nikakutafutia wa zamani, na jana nimeupata.

Huku mtu akifariki, nyumba yake hufunguliwa siku mbili tatu na kila kilichomo kikauzwa: vitanda, sahani, hata sindano za kushonea. Mwanzoni niliona vibaya kupita chumba kwa chumba nyumbani kwa marehemu nisiyemjua, nikipindua vitu vyake. Mpaka leo nikiingia namwombea kwanza. Sebuleni sina haja napo. Nashuka moja kwa moja chumba cha chini ya nyumba, halafu gereji, maana huko ndiko wazee wa huku walikoweka meza zao za useremala. Jana nilifika saa moja asubuhi nikapewa namba ya 6. Mlango ulifunguliwa saa tatu. Siku ya mwisho bei mara nyingi hukatwa nusu, lakini vifaa vizuri huwa vimeshaondoka.

Mzee huyu alikuwa fundi kwelikweli. Ukutani alichora kwa kalamu nyeusi umbo la kila kifaa mahali pake, patasi kwa patasi, guni, nyundo, ili kisikosekane kitu jioni. Msumeno wako ulining'inia katikati. Nilipoutoa, umbo lake likabaki pale peke yake, nami nikasimama kidogo kabla ya kuondoka.

Ni Disston, kiwanda cha misumeno cha Philadelphia. Utaona medali ya shaba kwenye mpini. Nilifumba jicho moja nikautazama kuanzia mpinini hadi nchani, kama unavyotazama ubao: umenyooka. Nikaupinda ukawa upinde, nikauachia, ukarudi ulivyokuwa. Una kutu nyepesi ya rangi ya chai, na hiyo isikutishe. Ya kukimbia ni kutu iliyochimba vishimo karibu na meno, kwani jino linaweza kukatika siku unapolipinda kando ili meno yapishane. Huu una meno 8 kwa inchi, yote yapo. Dola 12.

Patasi zilikuwa tano ndani ya kopo la kahawa, nikachukua mbili. Watu hutazama makali; wewe igeuze utazame mgongo, ule upande bapa. Vishimo vya kutu vikifika mpaka makali, kila ukinoa utapata makali yenye mapengo. Mpini uliopasuka si hoja, mpini tutachonga.

Sasa randa. Mwaka jana nilitoa dola 25 kwa randa iliyopakwa grisi nzito, nikadhani aliyekuwa nayo aliitunza. Nilipoifuta nyumbani nikakuta ufa umeanzia kwenye mdomo, pale kisu kinapotokeza chini, ukapanda hadi ubavuni. Iliniuma sana, maana nilikuwa nimeshakuahidi. Tangu siku hiyo natembea na kitambaa na tochi. Naifuta mdomo palepale, anayeuza akinitazama. Nahesabu na skrubu pia, kwa sababu nyuzi za skrubu za randa za kiwanda cha Stanley ni za peke yake, ikipotea moja hutaipata duka la vifaa vya ujenzi. Mwisho naangalia kisu kimebaki urefu gani. Kuna randa zimenolewa miaka mpaka kisu kimebaki kisiki.

Ya jana ni Stanley namba 5, ile ya inchi 14. Fungua kisu, nyuma ya kile kipande kinachokibeba utakuta tarehe 3 za hataza, yaani haki ya uvumbuzi, zimetoka pamoja na chuma chenyewe: mbili za 1902 na moja ya 1910. Huenda ilitoka kiwandani Wajerumani wangali Tanga! Mpini wake umelika pale kidole gumba kinapokaa. Usiupige msasa, tafadhali. Ushike hivyohivyo.

Patasi nimezilaza kwenye siki usiku kucha, nikazisugua, nikazikausha na kuzipaka mafuta. Msumeno sikuutia siki, nimeusugua tu kwa msasa laini na mafuta, nisije nikafuta maandishi ya kiwanda yaliyo ubavuni. Vyote nimevifunga kwenye karatasi yenye mafuta kwa ajili ya hewa ya chumvi njiani, na hapo kwenu pia. Nimetia tupa mbili za pembetatu.

Kontena la wenzetu linafungwa mwisho wa mwezi. Jumamosi kuna nyumba nyingine, na nimeona pichani keekee ya mkono ikiwa na ncha zake. Nijibu kabla ya Ijumaa kama unaihitaji, au kama yule kijana unayemfundisha ana upungufu wa kitu kingine.

Nisalimie Mama sana.

Ndugu yako