Mbwa anayenguruma asipigwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie kazi ya mtaalamu wa tabia za mbwa, ambayo wengi huichanganya na ile ya mkufunzi anayemfundisha mbwa kukaa, kuja akiitwa na kutembea bila kuvuta kamba.

Mtaalamu huyu huitwa pale mbwa anapowauma watu wa nyumbani, anapoingiwa na hofu kila akiona mgeni, au anapotafuna mlango kila akiachwa peke yake. Kabla hata ya kumgusa, huuliza tatizo lilianza lini, nani huwa karibu linapotokea, na wenye mbwa hufanya nini baada ya hapo. Kisha hutaka daktari wa mifugo ampime, kwa kuwa mbwa mwenye jino bovu au sikio lenye usaha anaweza kumrukia anayempapasa, na maumivu hayo hayaondoki kwa mafunzo.

Linalonisukuma kuandika ni mazoea ya kumpiga mbwa anayenguruma. Kunguruma ni onyo, na mara nyingi hutanguliwa na ishara ndogo zaidi: mbwa hugeuza uso, hulamba midomo ilhali hakuna chakula, hupiga miayo bila usingizi, kisha mwili hukakamaa na weupe wa macho ukaonekana. Akiadhibiwa kila anapoonya, hujifunza kunyamaza huku hofu yake ikibaki palepale, nasi baadaye tunalalamika kwamba ameuma ghafla. Mtaalamu humweka mbali na kinachomtisha, mahali ambapo bado anaweza kula kwa utulivu, humpa kipande cha nyama kila kitu hicho kinapojitokeza, na kukisogeza karibu kidogo kidogo kwa majuma au miezi.

Wapo wanaodai kwamba mbwa lazima atawaliwe kwa mabavu, kama dume kuu linavyotawala kundi la mbwa mwitu (wale waitwao wolf kwa Kiingereza). Dhana hiyo ilitokana na uchunguzi wa wanyama waliofungiwa pamoja, ukiwamo wa mtafiti Rudolf Schenkel wa mwaka 1947. David Mech, mtafiti wa mbwa mwitu hao ambaye kitabu chake cha mwaka 1970 kiliieneza, alieleza mwaka 1999 kwamba kundi la porini kwa kawaida ni wazazi na watoto wao.

Katika nchi nyingi sheria haimzuii yeyote kujiita mtaalamu wa tabia za mbwa. Anayeahidi kumrekebisha mbwa kwa siku moja, au anayetoa kola ya kupiga shoti kabla hajauliza swali lolote, asikabidhiwe mbwa.

Msomaji wako