Barua ya wazi kwa Afisa Elimu Mkoa wa Mtwara: kishikwambi kiingie kwenye andalio la somo

Ndugu Afisa Elimu, salaam kutoka Tandahimba.

Nafundisha Hisabati Darasa la Sita katika shule ya msingi ya kijijini. Vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya mwaka 2022, vikagawiwa walimu baadaye, tunavyo. Tunavitumia kwa MEWAKA (mafunzo endelevu ya walimu kazini), kwa kujaza taarifa na, tusifichane, kwa kuangalia mpira. Darasani vinaingia siku ya ugeni.

Huu si uvivu. Mradi wa TEHAMA huja na semina yake, ratiba yake na fomu yake ya ripoti, huku somo likibaki na azimio lake la kazi. Mwalimu mwenye mada ambazo hazijakwisha na mtihani ulio mlangoni atashika lipi? Mwanafunzi naye anaishia kukariri majina ya vifaa. Anakijua kipanya kwa mchoro wa ubaoni.

Msimu wa 2024/2025 minada ya korosho ilianza kuendeshwa kimtandao kupitia Soko la Bidhaa Tanzania (TMX). Bei zikitangazwa, watoto wanazijua kabla yetu. Tulipofika kwenye asilimia nikachukua bei ya mnada na makato kwa kila kilo, nikauliza: mkulima wa kilo 500 atapokea shilingi ngapi mkononi, na makato ni asilimia ngapi ya bei? Kikundi kimoja kiliingiza tarakimu kwenye jedwali la kishikwambi changu, vingine vikakokotoa kwenye daftari, kisha wakapokezana. Majibu yalipopishana ndipo somo lilipoanza hasa. Kelele ilikuwa ya mnadani! Ikabainika kuwa kikundi cha kishikwambi kilikata makato ya kilo moja tu kwenye mzigo mzima. Mashine ilitii ilichoambiwa. Waliogundua ni wa daftari, na hawakuacha kuwatania wenzao.

Mtoto mmoja aliomba alete karatasi ya malipo ya baba yake. Nilikataa, ya mfukoni mwa watu tuyaache huko.

Hapo sikuhitaji intaneti wala chumba cha kompyuta, ila chaji na mada iliyokuwamo tayari kwenye muhtasari. Mwenzangu wa Sayansi anaweza kupiga picha shada lilelile la maua ya mkorosho kila wiki, kuanzia Juni, watoto wakafuatilia ugonjwa wa ubwiri unga unavyoenea na kulinganisha na mkorosho uliopuliziwa dawa ya salfa.

Ombi langu ni kwamba wanaotukagua waache kuanza na hesabu ya vifaa. Wafungue andalio la somo, waulize kifaa kilitumika kwenye mada gani na mwanafunzi alifanya nini nacho. Na mfadhili anayeleta mradi mkoani akae kwanza na walimu wa masomo, mada itajwe kabla ya boksi kufunguliwa. Shule isiyo na umeme ipangiwe pa kuchajia, maana sasa mwalimu anabeba kifaa hadi dukani na kulipa mwenyewe.

Minada ikianza Oktoba tutarudia somo hili, safari hii kwa bei za wiki kadhaa na grafu. Karibu sana. Ila uje siku ya kawaida, bila kutoa taarifa, ukae dawati la nyuma.

Mwalimu wa Hisabati,
Tandahimba