Barua ya wazi kwa vijana wa maabara ya udhibiti: kakaeni na mtu wa zamu ya usiku

Wanangu,

Marahaba. Mlinipa shikamoo nyingi siku ile pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nikaitikia chache tu maana ngazi zilikuwa zimenimaliza pumzi. Zilizobaki naziitikia leo kwa maandishi.

Mlinialika nisikilize miradi yenu ya mwaka wa mwisho na ya uzamili. Nilikaa kiti cha nyuma kuanzia saa tatu asubuhi hadi adhana ya adhuhuri. Miradi tisa, na saba kati yake ilikuwa na mitandao ya neva, zile programu za kompyuta zinazojifunza kutokana na mifano ya data. Mle ukumbini sikuuliza swali hata moja. Mzee akiuliza mbele ya wasimamizi, mtoto hupunguziwa maksi kwa kosa ambalo si lake peke yake, kwa hiyo nikameza. Maswali niliyoyameza ndiyo haya.

Kwanza niwatoe hofu, sikuja kuisifia enzi yetu. Kitivo cha Uhandisi kilifunguliwa hapo kilimani mwaka 1973, nami nikaingia miaka michache baadaye, wakati kidhibiti (kile kifaa kinachoiongoza vali ili joto libaki panapotakiwa) kilikuwa kopo la chuma linaloendeshwa kwa hewa ya kubana, paundi 3 hadi 15, na kalamu ya wino ikichora joto kwenye karatasi ya duara. Kalamu ikikauka usiku, hakuna aliyejua mtambo ulifanya nini hadi asubuhi. Hakuna cha kutamani pale. Rosenblatt alipokuja na perceptron yake, mtandao wa neva wa mwanzomwanzo, mwaka 1958, Rumelhart, Hinton na Williams walipoonyesha mwaka 1986 namna ya kulirudisha kosa nyuma tabaka kwa tabaka, halafu Narendra na Parthasarathy mwaka 1990 wakaupeleka mtandao kwenye udhibiti wa mitambo, walifungua mlango ambao sisi tulikuwa tunausukuma kwa bega. Mtambo ambao hesabu za mstari ulionyooka haziuwezi, mtandao unaweza kuujifunza. Hilo nalikubali kwa moyo mmoja. Kinachonikosesha usingizi ni chakula mnachoulisha, yaani data.

Kijana mmoja, simtaji, alionyesha mtandao unaotabiri joto la tangi kwa usahihi wa kushangaza. Ukumbi ukapiga makofi. Mimi nilikuwa natazama namba za pembeni ya grafu: 80, 85, 85, 80, 85. Zote zinaishia na sifuri au tano. Kipimajoto gani hicho? Wakati wa chai nikamwomba anionyeshe zilikotoka. Akafungua simu, picha ya kitabu cha zamu. Kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi, mwandiko mmoja, kalamu moja, na herufi zimelalia kulia kwa kipimo kilekile mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Nikamwambia, mwanangu, hizi zimeandikwa saa kumi na moja na nusu alfajiri, zote kwa mkupuo.

Alicheka, kisha akaacha kucheka. Mtandao wake ulikuwa umejifunza vizuri sana namna mtu mwenye usingizi anavyojaza kitabu.

Wala msimlaumu mwenye kitabu. Usiku mtu yule ana boila, pampu mbili na mlango wa kufungulia malori. Alichagua kulitazama boila badala ya karatasi, na ningekuwa mwenye kiwanda ningemshukuru. Kosa ni la anayekuja mchana, akapiga picha, akaondoka bila hata kumuuliza anaitwa nani.

Nalisema hili kwa sababu nami nimelitenda. Kiwanda kimoja cha Barabara ya Pugu (najua mnaiita Nyerere siku hizi) waliniita kwa sababu joto la sufuria la sabuni lilikuwa linapanda na kushuka, dakika saba juu, dakika saba chini, mchana na usiku. Nilikuwa kijana, nina kanuni za Ziegler na Nichols za mwaka 1942, za kurekebisha vidhibiti, kichwani kama sura za Kurani. Nikapunguza nguvu ya kidhibiti. Joto likaendelea kuyumba, ila polepole zaidi. Nikaiongeza, likayumba haraka zaidi. Siku kumi na moja nacheza na vishikizo. Usiku wa kumi na mbili nilichelewa kuondoka, opereta wa zamu, mtu wa Rufiji mwenye maneno machache, akanimiminia chai ya rangi kwenye kikombe cha bati na kuniuliza: "Injinia, kwani hawajakwambia? Ile vali ilikuwa inavuja mvuke shingoni. Fundi akaja Jumanne akaikaza."

Nikaenda kuishika. Weka vidole kwenye shina la vali inayofanya kazi, utahisi likitembea kidogokidogo. Lile halikutembea. Hewa ya kidhibiti inapanda kwenye geji, shina limetulia. Inapanda tena, shina limetulia. Halafu pwaa! linaruka lote kwa mara moja, kama mlango wa kabati uliovimba wakati wa masika. Likisharuka limepitiliza, kidhibiti kinaanza kulirudisha, nalo linagoma tena upande wa pili. Dakika saba zangu zilikuwa hapo. Spana moja, nusu mzunguko wa kulegeza, grisi. Robo saa.

Kwenye ripoti niliandika "marekebisho ya kidhibiti". Jina la mtu wa Rufiji sikuliweka. Nina aibu nalo mpaka leo.

Sasa fikirini mtandao wenu ungepewa data ya wiki ile. Ungejifunza ule mruko, tena vizuri, ukadhani ndiyo tabia ya sabuni. Siku fundi anailegeza nati ya shingoni, mtandao unakuwa mgeni kwenye kiwanda alichosomea.

Lipo jambo baya zaidi, nalo ndilo nililotaka mlisome mara mbili. Chukueni data ya boila linaloendeshwa na opereta hodari. Joto likitaka kushuka, yeye anafungua mvuke. Likitaka kupanda, anafunga. Uwekeeni mtandao safu mbili tu, uwazi wa vali na joto, bila maelezo. Utagundua nini? Kwamba vali ikiwa wazi sana ndipo joto huwa chini. Kinyume cha dunia! Na opereta akiwa hodari kupindukia, joto halitikisiki kabisa, vali ndiyo inacheza kutwa. Mtandao utaapa kwamba vali haihusiani na joto hata kidogo. Data haijadanganya. Mkono wa mtu umo ndani yake, na hamkuuhesabu. Kidhibiti cha PID, kile kinachopima kosa la sasa, kosa lililolimbikizwa na kasi ya kosa, nacho ni mkono vilevile. Wataalamu wanaliita tatizo la kuutambua mfumo ndani ya kitanzi kilichofungwa, yaani huku kidhibiti kikiendelea kuuongoza, na lilikuwepo kabla hamjazaliwa, ila mitandao yenu imelifanya lipendeze kwenye grafu.

Dawa ipo. Ombeni ruhusa ya kuisukuma vali makusudi, asilimia mbili juu, mbili chini, kwa mpangilio wa kubahatisha ambao hautokani na joto, opereta akiwa macho pembeni na mkono wake karibu na swichi. Saa tatu za data ya namna hiyo, mimi nazichukua kuliko mwaka mzima wa kitabu cha zamu. Lakini ruhusa hiyo hamtapewa na meneja peke yake. Mwenye mtambo usiku ni opereta.

Hata hao wakubwa mnaowataja kwenye tasnifu walianzia kwa mtu. Nicolas Minorsky, mwaka 1922, alipokuwa anatafuta namna meli ijiendeshe yenyewe, aliwatazama washika usukani. Akaona mshika usukani mzoefu haangalii tu meli imepotoka kiasi gani sasa hivi. Anakumbuka imekuwa ikipotoka tangu lini, na anahisi inapotoka kwa kasi gani. Herufi tatu za PID ndizo hizo, zimetoka kwenye mabega ya baharia. Wavuvi wa Kunduchi wangemwelewa bila hesabu.

Na wa kwetu je? Ebrahim Mamdani alizaliwa hapa nchini mwaka 1942, akasomea India, akaenda London akafundisha Queen Mary. Katikati ya miaka ya 1970, yeye na mwanafunzi wake Assilian walikuwa na injini ndogo ya mvuke na boila lake maabarani. Wakachukua mantiki ya Zadeh ya mwaka 1965, ile isiyotaka kila kitu kiwe ndiyo au hapana, na badala ya kuiandikia injini milinganyo wakaiwekea maneno kama ya mwendeshaji mzoefu: presha ikiwa chini sana na haibadiliki, ongeza moto sana, ikiwa chini kidogo na inapanda, ongeza kidogo. Injini ikatii. Mwaka 1987 treni za chini ya ardhi za mji wa Sendai, Japani, zikaanza kuendeshwa kwa mantiki ya ukoo huo. Nimewauliza vijana wanne siku ile kama wanajua Mamdani ni mzaliwa wa wapi. Jina lake wanalibofya kwenye programu kila wiki. Hakuna aliyejua.

Nipite haraka kwenye umeme, maana wenyewe mnaujua. Mmoja wenu alisema kwa fahari kwamba "alisafisha" data kwa kuondoa vipindi vyote ambavyo umeme ulikatika. Baba, Dar es Salaam mtambo hufanya mtihani wake pale umeme unaporudi! Pampu imezimika, kidhibiti kiko hai kwa betri, kinaona joto linashuka na kinalimbikiza kosa, kinalimbikiza, kinalimbikiza. Umeme unarudi, vali imefunguka hadi mwisho na kidhibiti kina deni la nusu saa la kulipa. Hapo ndipo sufuria hufurika. Mtandao ambao haujawahi kuona siku hiyo umesomea nchi nyingine. Vipindi hivyo viwekeeni alama, msivitupe.

Na sifuri pia. Waya wa kihisi hupeleka umeme wa miliampia 4 hadi 20, na wazee walianzia 4 kwa makusudi, ili sifuri imaanishe waya umekatika au panya amepita. Kwenye jedwali moja niliona sifuri mia na kitu zimeachwa kama vipimo halali. Mtandao uliamini tangi limeganda barafu. Hapa Dar.

Mkienda kiwandani, siku ya kwanza msiende na laptopu. Nendeni usiku, nendeni na maandazi. Salimieni kwa mpangilio, aliyewazidi umri apewe shikamoo yake hata kama ovaroli lake limechanika na nyie ni mainjinia watarajiwa. Kaeni. Msiulize "vigezo ni vipi". Ulizeni: unajuaje kwamba leo boila haliko sawa kabla geji haijasema? Mimi nimejibiwa "linakohoa". Nimejibiwa "ukuta unakuwa na joto upande wa dirishani". Nimejibiwa kwa kuonyeshwa nati moja inayotetemeka. Kila jibu hapo ni mradi wa uzamili. Kukohoa kunanaswa kwa kipaza sauti cha simu ya kawaida, na hapo sasa uleteni mtandao wenu wa neva, tabaka mnazotaka, mimi nitakuwa wa kwanza kupiga makofi. Jibu likishawasaidia, jina la mtu liingie kwenye shukrani za tasnifu kabla ya la anayewafadhili, kama mwenyewe ameridhia.

Wasimamizi, mkisoma hii msikunje uso. Najua jarida halichapishi nati iliyolegezwa. Lakini mwanafunzi akirudi akasema "nimeshindwa kufunza mtandao kwa sababu vali inakwama, na huu hapa ushahidi", amefanya utafiti. Mpeni maksi zake.

La mwisho ni la vitendo. Nyuma ya nyumba yangu Tabata kuna vali ya mvuke ya inchi mbili, mwili wa chuma cha kumimina, na kichwa chake cha hewa bado kizima. Niliinunua kwenye vyuma chakavu baada ya kiwanda fulani kubadilisha mitambo. Ile kamba ya shingoni, inayozuia mvuke usivuje, nimeikaza makusudi hadi shina linaruka. Njooni muichukue iwe ya maabara, muifunze mitandao yenu juu yake, kisha mlegeze nusu mzunguko muone nini kinatokea. Jumamosi nipo baada ya saa nne. Njooni watu wanne na kirikuu. Mwaka jana nilijaribu kuisogeza peke yangu na mgongo haujanisamehe.

Mzee wenu,
Tabata, Dar es Salaam